Valvu Imefungwa

Meneja wetu aliamini kwamba valvu ya usalama ikiwa kubwa ndiyo salama zaidi. Tulibishana juu ya jambo hilo miezi mitano, na napenda niseme mapema kabisa kwamba aliyekuwa na haki ni mimi. Nalisema sasa kwa sababu mbele kuna jambo jingine ambalo sikuwa na haki hata chembe, na sitaki ukifika huko udhani nilikuwa mtu wa kuboronga tangu mwanzo.

Kazi yangu ni ufundi wa valvu za usalama katika kiwanda cha mafuta ya kupikia. Nazipima, nazirekebisha, nazipiga muhuri. Kiwanda kizima wananiita Mama Geji, kwa kuwa siamini geji yoyote kabla ya kuigonga kioo kwa ukucha. Wapo wanaosema jina hilo lina sababu nyingine, kwamba sindano yangu mwenyewe inapanda upesi. Sibishi. Nachukia mambo mawili: kitu kilichopimwa kwa macho, na mtu anayesema nusu nusu. Ukija kuniambia "kile kitu kule kina shida", nakurudisha ulikotoka mpaka uje na jina la kitu, mahali kilipo na shida yenyewe.

Ubishi wetu ulihusu pampu namba mbili. Hii ni pampu ya meno: magurudumu mawili ya chuma yanang'atana na kusukuma mafuta kutoka tangi la kupokelea, yapite kwenye hita ya mvuke, yaende kusafishwa. Pampu ya namna hii haijui kukata tamaa. Ukiziba bomba mbele yake haizunguki bure kama feni. Inasukuma tu, mpaka kitu kipasuke. Ndiyo maana pembeni yake inawekwa valvu ya usalama. Ndani kuna kifuniko kilichokandamizwa na springi. Msukumo ukifika kiwango kilichopangwa, kwetu bari kumi, springi inasalimu amri, kifuniko kinanyanyuka, na mafuta yanarudi tangini kwa bomba lake bila kumdhuru mtu.

Valvu iliyokuwepo ilikuwa ya inchi tatu. Aliyeiweka hakupiga hesabu yoyote. Ilikuwepo stoo, akaichukua. Sasa valvu kubwa kupita kiasi ina tabia moja mbaya. Ikifunguka inamwaga mafuta mengi kuliko yanayoletwa na pampu, msukumo unaanguka ghafla, kifuniko kinajibamiza chini. Msukumo unapanda tena, kinanyanyuka, kinajibamiza. Ta-ta-ta-ta, kila asubuhi, robo saa nzima, mpaka kikalio chake, pale kifuniko kinapokaa, kikalika na kuanza kuvuja.

Aliyeibatiza jina la Kigugumizi ni shemeji yangu. Yeye ni mume wa dada yangu mkubwa, na ndiye mwendeshaji wa pampu namba mbili kwa miaka ishirini na mitatu. Bado miwili astaafu. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye utani usioisha, na mimi ndiye kiwanja chake cha kuchezea.

"Shemeji, Kigugumizi ameanza maneno yake," ananipigia simu asubuhi. "Njoo umsikilize, maana huku mwenye ukali kama wake ni wewe peke yako."

"Mwambie nakuja. Na wewe unyamaze kidogo, nisije nikawachanganya."

Ndivyo tulivyokuwa. Jumapili nakula kwao, yeye ananipakulia na kuuliza kama nataka kwanza kuigonga sahani kwa ukucha. Lakini kwenye kazi hakuwa na mzaha. Alikuwa na desturi ya kusoma kitabu cha zamu kabla ya kugusa swichi, mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi. Akikuta mwandiko wangu hakwenda hata kuangalia. Wenzake wakimuuliza, aliwajibu, "Huyu akiandika kitu, kimeandikwa."

Nilijisikia vizuri sana niliposikia hivyo. Sikuwahi kumwambia.

Basi, meneja. Kikalio kilipoanza kuvuja alikubali tununue valvu mpya, ila akataka ya inchi tatu tena, kama si nne.

"Mama Geji, mlango mkubwa unatoa watu wengi kwa mara moja."

"Mlango wa ghala ukiupachika kwenye banda la kuku, bosi, upepo utaubamiza kutwa."

Akakunja uso, akachukua karatasi, akapiga hesabu mwenyewe, maana naye alisomea uhandisi kabla hajasomea kukaa ofisini. Akapata inchi moja na nusu. Akanisukumia karatasi akiwa na uso wa mtu aliyeshinda. Hesabu ilikuwa safi. Nikamuuliza swali moja tu.

"Haya mafuta umeyapigia hesabu ya saa ngapi?"

Hakunielewa. Nikamwambia aje kesho yake saa moja kasorobo asubuhi, na akaja, namsifu kwa hilo. Nikafungua koki ya sampuli. Mafuta yaliyolala usiku kucha kwenye bomba yalitoka taratibu, mazito, meupe kidogo, yakakaa kwenye kijiko bila kudondoka. Yeye alikuwa amepiga hesabu ya mafuta ya moto ya saa sita mchana, yanayotiririka kama maji. Lakini valvu ya usalama haifanyi kazi saa sita mchana. Inafanya kazi asubuhi, pampu inapoamshwa na mbele yake kuna bomba lililoganda. Mafuta mazito yanapita kwa shida kwenye tundu lilelile, kwa hiyo lazima tundu liongezwe kwa kiasi chake. Tulirudia hesabu pamoja, tumeegemea pipa. Ikatoka inchi mbili. Si tatu, si moja na nusu. Akatia sahihi palepale juu ya pipa.

Valvu mpya ilifika Jumatano. Alhamisi, zamu ilipomaliza kazi na pampu ikazimwa, nikaenda kuiondoa ile ya zamani.

Chini ya valvu yetu kuna koki, na hapa naomba uwe makini kidogo. Koki ile ipo ili fundi aweze kuondoa valvu bila kumwaga tangi zima. Siku zote inatakiwa iwe wazi, maana ikizibwa, valvu iliyo juu yake inabaki pambo. Kwa hiyo tuliizungushia mnyororo na kufuli, na ufunguo nilikaa nao mimi. Ila ilikuwa koki ya gurudumu, ya kizamani, ambayo ukiitazama huwezi kujua kama iko wazi au imezibwa. Gurudumu ni lilelile, mnyororo ni uleule.

Nikaiziba, nikamtoa Kigugumizi. Ile mpya nilikuwa nimeshaipima kwenye benchi mara tatu, na mara zote tatu ilifunguka bari kumi na pointi moja, bila kutetemeka. Nikaitia waya na kidonge cha madini ya risasi, nikabana kwa koleo langu la muhuri lenye namba saba. Ile saba ni mimi. Popote ikionekana kiwandani, maana yake nimeweka jina langu. Nikaikalisha mahali pake, nikakaza boliti kwa kupishana, kidogo kidogo. Ilikaa vizuri mno. Nilirudi nyuma hatua mbili nikaitazama kama mtu anayetazama nguo mpya kwenye kioo.

Ikabaki kuunganisha bomba la kurudishia mafuta. Nikatoa gasketi, ile pete ya kuziba maungio, niliyopewa na mtunza stoo: ya inchi tatu. Nikashuka mbio hadi stoo. Alikuwa anazungusha ufunguo mlangoni.

"Saa kumi," akasema.

"Umenipa gasketi ya Kigugumizi. Fungua, nahitaji ndogo. Na kibao chekundu cha onyo, cha kuning'iniza kwenye swichi."

"Saa kumi ni saa kumi, Mama Geji. Gasketi hiyo hata hivyo sina, inaletwa kesho saa tatu. Na kibao kesho hiyohiyo."

Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Naye si mtu wa kumezea, akanijibu. Nikapanda ngazi damu inachemka. Fundi umeme, ambaye angeweza kunitolea fyuzi ya pampu, alikuwa ameshaondoka. Nikaiacha koki imezibwa, kwa sababu ikiwa wazi, valvu ikinyanyuka tu, mafuta yangemwagika sakafuni pale ambapo bomba halijaungwa. Bomba la kurudishia nikalishikiza kwa boliti mbili lisining'inie, nikarudisha mnyororo na kufuli. Kisha nikakichukua kitabu cha zamu, nikaandika kwa kalamu niliyoikandamiza mpaka karatasi ikakwaruzika:

*Pampu 2. Valvu ya usalama imefungwa.*

Nikatia sahihi, nikaenda nyumbani kugombana na sufuria.

Ijumaa nilifika saa mbili. Getini nilikuta watu wamesimama makundi makundi, na harufu ya mafuta yaliyoungua imetanda hadi barabarani. Mlinzi aliponiona akavua kofia. Nikajua ni namba mbili kabla hajasema kitu.

Shemeji aliwasha pampu saa moja na dakika kumi. Mvuke ulikuwa umeshafunguliwa kwenye hita, mafuta ya ndani yamechemka, na mbele yake bomba limeganda. Pampu ikasukuma. Valvu yangu nzuri ya inchi mbili ikakaa kimya juu ya koki iliyozibwa. Gasketi ya hita ikapasuka, na mafuta ya moto yakamrukia shemeji mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Kwa mkono wa kulia akazima swichi. Asingeizima, hita nzima ingefumuka na tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Niliposikia kwamba yuko hai, hofu ilinitoka, na mahali pake pakaingia hasira. Ndivyo nilivyo. Niliandika kwa mikono yangu kwamba valvu imefungwa, naye akawasha. Meneja akaniomba ripoti. Nikaiandika nimesimama, ukurasa mmoja. Sentensi ya mwisho naikumbuka: *Mwendeshaji aliwasha pampu ilhali kitabu cha zamu kilimwarifu wazi kwamba valvu ya usalama imefungwa.*

Meneja akaisoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Basi huu ni uzembe," akasema. "Kikao Jumatatu. Kwa kosa kama hili hakuna onyo, Mama Geji, ni kufukuzwa. Miaka ishirini na mitatu. Inasikitisha."

Nilifikiri: angesoma.

Mchana nikaenda hospitali. Wodi ilikuwa na vitanda sita, na dada yangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha dirishani, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Dada ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Maneno yote ya nyumbani kwetu nilichukua mimi. Mkono wa shemeji ulikuwa umefungwa bandeji hadi begani, umeinuliwa juu ya mto. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, lakini aliponiona akajaribu.

"Shemeji. Ile valvu yako mpya ina adabu. Haikusema hata neno. Nikasimama pale nikaisifu, nikasema leo Kigugumizi kapata dawa."

Ningeweza kusema pole. Nilikuja nimejiandaa kusema pole.

"Hukusoma kitabu?" nikasema.

"Nilisoma."

"Ulisoma nini?"

"Ulichoandika. Valvu ya usalama imefungwa."

"Sasa kama imefungwa, uliwashaje pampu?"

Akanitazama kwa mshangao. "Niliwasha kwa sababu imefungwa."

"Unanitania mpaka hapa? Kitandani?"

"Shemeji, sitanii. Miezi mitano mmekuwa mkisema itafungwa, itafungwa. Nimefika asubuhi, naiona pale juu inang'aa, mnyororo uko mahali pake, na mwandiko wako unasema imefungwa. Ulitaka nifanye nini?"

"Nilitaka usiwashe. Imefungwa. Imefungwa!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza kichwa. Dada akaweka mkoba wake sakafuni.

"Mbona mnagombana na neno ni moja?" akasema polepole. Kisha akaniangalia mimi, si mumewe. "Mdogo wangu. Imefungwa kama mlango, au imefungwa kama feni?"

Kwenye dari juu yetu kulikuwa na feni, na nakumbuka niliitazama. Feni hufungwa, na ikishafungwa inaanza kufanya kazi. Mlango hufungwa, na ukishafungwa hapiti mtu. Maisha yangu yote nimelitumia neno hilo kwa njia zote mbili, mara ishirini kwa siku, na sikuwahi hata siku moja kulisikia. Valvu ilikuwa imefungwa kama feni. Boliti nilikaza mwenyewe. Koki ndiyo iliyokuwa imefungwa kama mlango, na koki sikuiandika. Mimi ninayewarudisha watu walikotoka kwa kusema nusu nusu.

Shemeji ndiye aliyeelewa baada yangu. Nilimwona anaelewa. Alifumba macho, na alipoyafumbua akasema kwa sauti ya chini, "Aa. Kumbe." Basi. Hakunilaumu, na ningependa sana anilaumu.

Dada alinisindikiza hadi mlangoni pa wodi.

"Wamekuja watu wa kiwandani," akasema. "Wamesema Jumatatu watamfukuza kwa uzembe. Wamesema ripoti uliandika wewe."

"Niliandika mimi."

"Utafanyaje?"

"Sijui, dada." Na huo ulikuwa uongo, kwa sababu nilijua. Nilichokuwa sijui ni kama nitaweza.

Nitasema ukweli kuhusu siku mbili zile. Nilitafuta pa kutokea. Nilijiambia kwamba angeweza kugusa gurudumu. Nilijiambia mtunza stoo angenipa kibao, fundi umeme angebaki kidogo, meneja angekubali pale zamani nilipomwomba koki ile iondolewe kabisa. Yote hayo ni kweli, na nilipoyapanga yote kwenye mstari yalipendeza, ila mwishoni mwa mstari kulikuwa na karatasi iliyokwaruzika yenye mwandiko wangu. Niliona haya. Jumapili sikwenda kula kwao, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jumatatu kikao kilikuwa ofisini kwa meneja. Alikuwepo yeye, karani wa utumishi, na mimi kama shahidi. Kiti cha shemeji kilikuwa kitupu. Mezani kulikuwa na ripoti yangu na kitabu cha zamu kimefunuliwa ukurasa wa Alhamisi.

"Ripoti ni nzuri na fupi," meneja akasema. "Unathibitisha?"

"Hapana. Nimekuja kuibadilisha."

Akavua miwani. "Mama Geji, naelewa ni shemeji yako. Lakini fikiri vizuri. Kama kosa si la mwendeshaji, basi ni la mtu fulani, na muhuri pale juu una namba. Ukitoa ripoti hii mezani, sitakuwa na namna ya kukusaidia."

"Naomba aitwe mtunza stoo."

"Wa nini?"

"Aje asome mstari mmoja."

Nilimchagua yeye kwa kuwa hakuna mtu kiwandani aliyekuwa na sababu ndogo kuliko yeye ya kunipendelea. Aliingia ananikwepa macho. Nikamsogezea kitabu, nikaweka kidole kwenye mstari, na nikamwomba meneja asiseme kitu.

"Umeingia kazini asubuhi," nikamwambia. "Umekuta hivi. Unaelewa nini?"

Akasoma, midomo ikicheza. Akainua mabega.

"Kwamba mmemaliza. Ile mpya imeshafungwa mahali pake, kazi iendelee." Akatazama huku na huku. "Si ndiyo?"

Meneja alikivuta kitabu, akausoma mstari ule, akausoma tena. Nikaona midomo yake nayo inacheza. Karani wa utumishi aliacha kuandika.

"Mimi nilikuwa na maana kwamba imezibwa," nikasema. "Nilikuwa na hasira, nikaandika maneno manne na kuondoka. Sikuitaja koki. Sikuweka kibao. Fyuzi sikuitoa. Yeye alisoma kilichoandikwa, akakiamini, na sababu ya kukiamini ni kwamba nilikiandika mimi. Andikeni hivyo."

Kisha nikatoa koleo la muhuri mfukoni, nikaliweka juu ya ripoti. Nilikuwa nimeishi nalo miaka kumi na minane. Meneja akafungua droo na kulitia ndani, na sauti ya ile droo ilinichoma kuliko maneno yoyote ambayo angeweza kunipa.

Shemeji hakufukuzwa. Mimi nilivuliwa muhuri kwa mwaka mzima na kushushwa kuwa msaidizi wa zamu, mtu wa kusafisha vichujio na kufungua, namaanisha kulegeza, boliti za wengine. Nilitegemea kubaya zaidi. Ile koki ya gurudumu iliondolewa wiki hiyohiyo, ikawekwa nyingine ya mpini: mpini ukilala sambamba na bomba, iko wazi, ukikingama, imezibwa. Hata mtu anayepita njia anaona. Na meneja alitoa amri kwamba kwenye vitabu vya zamu neno "imefungwa" lisionekane tena. Waandike "imewekwa" au "imezibwa". Watu walicheka mwezi mmoja, wakizibiana milango na kuwekeana vifungo vya mashati, halafu wakazoea.

Shemeji alirudi baada ya miezi minne. Kabla ya hapo nilikwenda kwao mara nyingi, na dada alinipakulia kama zamani, ila utani wa sahani haukuwepo. Siku aliyorudi alinionyesha mkono. Ngozi ilikuwa imepona, nyororo na ya kuvutika, na vidole vimebaki vimenyooka.

"Daktari ameandika kwamba hautaweza kufumba," akasema. "Fumba, shemeji. Si funga. Hapo hata wewe huna pa kubishia."

Alikuwa ananitania, na nilipaswa kucheka. Nilikuwa nimeungoja utani ule miezi minne. Nikalia badala yake, pale pale kwenye kelele za pampu, mikono imejaa mafuta nisiweze hata kujifuta. Alisimama kando yangu akiangalia geji mpaka nikamaliza.

Kwa kuwa mkono wake haushiki spana, wameniweka kwenye zamu yake niwe mkono wake wa kushoto. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Kila asubuhi saa moja anafungua kitabu, anasoma kidole kikiwa kwenye karatasi, kisha anageuka.

"Koki iko vipi?"

Mpini umelala sambamba na bomba, mwekundu, futi tatu kutoka usoni pake.

"Iko wazi, shemeji."

"Sema tena."

"Iko wazi."

Kisha anavuka mwenyewe, anaweka vile vidole visivyokunjika juu ya mpini, anausikilizia, ndipo anarudi kwenye swichi. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Zamani alikuwa akiona mwandiko wangu tu, anawasha.